Meno Yaliyopandana: Je, Umbo la Mhusika ni Ushahidi wa Tabia Yake?

Mwalimu mwenzangu, na wewe mtahiniwa unayejiandalia Karatasi ya Tatu, hebu tuanze na kifungu kifupi. Nilikitunga mwenyewe kwa mtihani wa mwisho wa muhula wa kidato cha tatu. Nilitaka kupima kama wanafunzi wangu wanaweza kumsoma mhusika ambaye hawajamkuta katika mwongozo wowote wa dukani:

"Bwana Sudi alipotaka kucheka, mkono wake wa kushoto ulifika kinywani kabla ya kicheko. Meno yake ya juu yalikuwa yamepandana kama abiria wanaogombea kiti kimoja. Alifungua daftari la madeni, akalitafuta jina la mama yangu, akalitazama kwa muda. 'Mwambie tutaonana mwisho wa mwezi,' akasema, akanipimia unga kilo mbili."

Swali lilikuwa hili: Eleza sifa mbili za Bwana Sudi (alama 4).

Zaidi ya nusu ya darasa waliandika kwamba Bwana Sudi ni mwovu. Wengine walisema ni mlafi, ni mkatili, ni mwenye tamaa. Ushahidi wao ulikuwa ule ule: meno yake yamepandana. Mmoja alieleza kwa Kiswahili sanifu kabisa kwamba meno yaliyopinda ni taashira ya tabia iliyopinda. Nilimpa alama zote mbili za hoja hiyo, tena nikalisoma jibu lake mbele ya darasa kama mfano mzuri. Kwa nini nisimpe? Yalikuwa maneno yangu. Wiki chache kabla ya mtihani nilikuwa nimeandika ubaoni: "Umbo la nje la mhusika huakisi tabia yake ya ndani."

Makala haya yanachunguza kosa hilo, ambalo ni langu kabla ya kuwa la wanafunzi.

Kinywa katika lugha yetu

Kiswahili kina maneno machache sana kuhusu meno ambayo hayabebi hukumu. Nafasi ya kuzaliwa nayo kati ya meno mawili ya mbele ni mwanya, na mwanya ni pambo. Watunzi wa nyimbo za mapenzi wameusifu tangu hapo. Nafasi iliyoachwa na jino lililong'oka ni pengo, na pengo halimsifii mtu. Aliyepoteza meno yote ni kibogoyo, neno ambalo watoto hulitumia kumcheka mwenzao. Na mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya ya chini aliitwa kigego. Kwa imani ya zamani, kigego alikuwa mkosi kwa jamaa yake, na zipo jamii ambazo hazikumwacha aishi. Hebu mtazame mtoto huyo kama mhusika. Hajatenda lolote, hajasema lolote. Jino limetoka juu badala ya chini, na hukumu imekwisha kupitishwa.

Imani kama hiyo ilikuwako Uingereza pia. Katika sehemu ya tatu ya tamthilia za Shakespeare kuhusu Henry wa Sita, Richard anasimulia mwenyewe kwamba alizaliwa na meno na wanawake waliokuwa wakimzalisha mamake wakapiga kelele kwa mshtuko. Kisha anaamua kwamba maadamu mbingu zimeupinda mwili wake, basi na akili yake ipinde vivyo hivyo. Mwanafunzi wangu angeshangilia: mwili uliopinda, tabia iliyopinda! Lakini soma tena polepole. Richard hasemi kwamba meno ndiyo yaliyomfanya mwovu. Anasema kwamba watu walimhukumu siku aliyozaliwa, naye anaichukua hukumu hiyo na kuigeuza kisingizio cha mauaji. Kuna hatua nzima kati ya jino na uovu, na katika hatua hiyo wamesimama watu wanaotazama. (Mifupa ya Richard yule wa historia ilifukuliwa mjini Leicester mwaka 2012, chini ya maegesho ya magari. Uti wake wa mgongo ulikuwa umepinda kando. Kile kibiongo kikubwa cha jukwaani kilikuwa cha watunzi.)

Lakini zimwi je?

Utanijibu kwamba katika ngano zetu zimwi hujulikana kwa meno. Ni kweli. Ila meno ya zimwi ni chombo cha kazi, kama panga mkononi mwa mnyang'anyi: ni marefu kwa kuwa yanakula watu, na katika ngano hiyo hiyo tutayaona yakila watu. Fanani ana watoto mbele yake na usiku unaingia. Hana muda wa kuchambua nafsi ya zimwi, anahitaji ishara itakayoeleweka mara moja. Kosa letu ni kuibeba kanuni ya ngano na kumvika mwenye duka katika hadithi fupi, utanzu ambao kazi yake mara nyingi ni kuzivuruga ishara za namna hiyo.

Hata katika jamii zetu jino halina maana moja. Wakamba walichonga meno ya mbele yakawa na ncha, na hilo lilikuwa urembo. Waluo waling'oa meno sita ya mbele ya chini, na Wamasai mawili. Kwa Mluo wa wakati huo, kijana mwenye meno yote ya chini alikuwa bado hajawa mtu mzima. Mtahiniwa wa leo akikutana na mhusika mwenye meno ya ncha katika kisa cha Ukambani cha zamani na kuandika "anafanana na zimwi", amemtukana mrembo wa kisa hicho.

Meno ya Kapteni Good

Mfano ninaoupenda kuliko yote umo katika kitabu ambacho huenda babu yako alikisoma shuleni. H. Rider Haggard aliandika King Solomon's Mines mwaka 1885. Frederick Johnson akaitafsiri kwa Kiswahili, Mashimo ya Mfalme Sulemani, ikatoka mwaka 1929 na kusomwa na vizazi kadhaa vya wanafunzi wa Afrika Mashariki.

Katika riwaya ya Haggard, Kapteni Good hana meno yake mwenyewe. Ana ya bandia, juu na chini, na akiwa na wasiwasi huyachezesha. Yeye na wenzake wanapokutana na wapiganaji wa Kukuana wako karibu kuuawa, na Good kwa hofu anayashusha meno ya juu na kuyarudisha. Wapiganaji wanarudi nyuma. Good anaambiwa na mwenzake afunue kinywa: ufizi mtupu kama wa mtoto mchanga. Anapitisha mkono, na safu mbili za meno zimerudi. Wageni wanajitangaza kuwa wametoka nyotani, na roho zao zinaokoka.

Sasa waweke kando ya Good wahusika wawili wa upande wa pili. Mfalme Twala ana jicho moja, la pili ni shimo. Mchawi Gagool ni kikongwe aliyesinyaa hata msimulizi anamlinganisha na nyani. Kwa hawa wawili, kasoro ya mwili ni tangazo la uovu, na msimulizi, Mzungu Allan Quatermain, hatuachii nafasi ya kushuku. Kwa Good, kinywa kitupu ni kichekesho kwa msomaji na muujiza kwa Wakukuana. Kanuni ya "umbo huakisi tabia" imetumiwa kwa Mwafrika, na kwa Mwingereza imesimamishwa kwa muda. Huwezi kuiona dhuluma hiyo kama umekwisha kuikubali kanuni yenyewe.

Tena Waswahili wana methali: Jino la pembe si dawa ya pengo. Waliotunga maneno hayo wanayajua meno ya bandia, wamekwisha kuyapima na kuyaona yana upungufu. Hawawezi kudondoka chini kwa kustaajabu mbele ya Good. Mtunzi aliyehitaji Waafrika wa kustaajabu ilimbidi awabuni wasiojua. Mwalimu anayefundisha methali na riwaya katika wiki moja anaweza kuzigonganisha hizo mbili, na darasa likachangamka kweli kweli.

Riwaya ile ilitoka miaka tisa baada ya Mwitalia Cesare Lombroso kuchapisha kitabu chake cha mwaka 1876, kilichodai kwamba mhalifu wa kuzaliwa hutambulikana kwa mwili wake: taya, masikio, hata meno. Wanasayansi walikwisha kuyatupa madai hayo zamani. Sisi bado tunayanakili ubaoni chini ya kichwa "Sifa za Wahusika".

Nani anatazama?

Swali ambalo nilipaswa kuliandika ubaoni ni hili: nani anayetuambia kuhusu umbo hili, na ana haja gani? Waliosoma Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Nyerere, watakumbuka Kaizari anavyomwogopa Kasio kwa wembamba wake. Antonio anamtazama mtu yule yule na kusema hana hatari. Mwili mmoja, wasomaji wawili. Inatokea kwamba Kaizari alikuwa sahihi, lakini sisi tunajua hivyo kwa matendo ya Kasio, jinsi anavyomshawishi Bruto na kumtupia barua za kughushi. Wembamba haukumuua mtu. Na papo hapo, baada ya kumhukumu mwenzake kwa mwili, Kaizari anamwomba Antonio ahamie upande wake wa kulia kwa sababu sikio moja halisikii. Hapo pana kinaya ambacho wanafunzi wengi hukiruka.

Kwa walimu wanaopenda kulinganisha, The Bluest Eye ya Toni Morrison, ya mwaka 1970, ina funzo la karibu zaidi. Maureen Peal ni msichana mwenye mali na ngozi nyeupe kidogo, kipenzi cha shule nzima. Claudia na dada yake Frieda wanamchunguza usiku na mchana wakitafuta kasoro, na hatimaye wanafurahi kugundua kwamba ana jino la chonge lililokaa vibaya. Jino hilo halituambii chochote kuhusu Maureen. Linatuambia mengi kuhusu wasichana wawili weusi waliochoka kudharauliwa, wanaohitaji angalau jino moja la kujiliwazia. Katika riwaya hiyo hiyo Pauline anang'oka jino la mbele akila peremende katika ukumbi wa sinema, nywele zake akiwa amezitengeneza kama za Jean Harlow, mwigizaji wa Hollywood. Hapo jino ni taashira hasa. Linaanguka mahali penyewe ambapo Pauline alijifunza kuuchukia uso wake, na baada ya hapo anaacha kujipamba.

Basi sikatai kwamba jino laweza kuwa taashira. Katika Buddenbrooks ya Mjerumani Thomas Mann, ya mwaka 1901, meno mabovu yanajirudia kadiri ukoo wa wafanyabiashara unavyoporomoka, hata Thomas Buddenbrook anaanguka njiani akitoka kwa daktari wa meno. Mwandishi amelifanyia jino kazi: amelirudia, amelifunga kwenye matukio, amelipa wakati. Mtahiniwa akiweza kuonyesha kazi hiyo, apewe alama zake. Akitaja jino tu na kurukia tabia, hana hoja bado.

Na darasani mna meno. Meno hupandana kwa sababu taya ni dogo, au ya utotoni yaling'oka mapema, au ni ya kurithi, na nyaya za kuyanyosha hazilipiwi na karo. Sehemu za Nakuru na Naivasha, watoto wana meno ya rangi ya kahawia kwa ajili ya madini ya floridi yaliyomo katika maji ya kunywa. Unapowaambia watoto hao kwamba katika fasihi kinywa kibaya ni roho mbaya, usidhani wanafikiria kitabu peke yake.

Nirudi kwa Bwana Sudi. Kulikuwa na jibu moja nililolipa sufuri: "Bwana Sudi amewahi kuchekwa." Kando yake niliandika kwa kalamu nyekundu, "Hii si sifa." Aliyeliandika ni msichana wa safu ya pili ambaye huweka mkono kinywani kabla ya kucheka. Mkono huo nilikuwa nimeuona mwaka mzima. Niliuchukua nikampa Bwana Sudi, nikasahau nilikoutoa. Baada ya siku ile niliyosoma "jibu la mfano" mbele ya darasa, alikataa kusoma kwa sauti hadi muhula ulipofungwa, nami nikamwandikia katika ripoti kwamba hashiriki.

Ni yeye peke yake aliyeuona mkono. Wengine wote, pamoja na mtahini, tuliyaona meno. Mkono ndio unaotenda katika kifungu kile: unaficha, kisha unafungua daftari la madeni, kisha unapima unga juu ya deni ambalo halijalipwa. Kama kuna taashira pale, imo humo.

Mwongozo wangu wa kusahihisha sasa unasema hivi. Mwenye haya, kwa kuwa anafunika kinywa kabla ya kucheka: alama 2. Mwenye utu, kwa kuwa anamkopesha mama mwenye deni bila kumfedhehesha mtoto: alama 2. Mwovu kwa sababu ya meno: 0. Amewahi kuchekwa: likubaliwe chini ya haya, alama 2. Karatasi ya msichana yule niliisahihisha upya mwanzo wa muhula uliofuata, na maneno yangu mekundu nikayakata mbele yake.