Chungwa Mezani

Juzi jioni mtoto wa jirani alinijia na daftari lake la Kiingereza, nimsaidie kazi ya nyumbani. Ukurasa mzima ulikuwa safu mbili: in, ndani ya; on, juu ya; under, chini ya; behind, nyuma ya. Pembeni kwa wino mwekundu: nakili mara kumi. Alikuwa amenakili mara kumi, kwa mwandiko safi kabisa.

Nikamkumbuka mwalimu wangu wa darasa la nne, huko Muheza, miaka ya 1980. Zama zile masomo ya shule ya msingi yalifundishwa kwa Kiswahili, na Kiingereza kilikuwa somo kama masomo mengine. Vitabu vilikuwa haba, kimoja tukikisoma watoto watano. Ila Muheza haijapata kukosa machungwa, na siku ile ya vihusishi mwalimu aliingia darasani na kapu la ukili lenye chungwa moja tu.

Hakuanza na Kiingereza. Aliliweka chungwa mezani, akauliza, "Mezani pana nini?" Tukajibu, "Pana chungwa, mwalimu." Akalitia kapuni. "Kapuni mna nini?" "Mna chungwa." Akanyoosha mkono dirishani. "Na kule sokoni?" "Kuna machungwa mengi!" Akanyamaza kidogo akitutazama. Kisha akalirudisha chungwa mezani, akasema on. Akalitia kapuni, akasema in. Hakutafsiri, wala hapakuwa na haja: pana na mna, tulizotoka nazo kwa mama zetu, zilikwisha kumlimia shamba, yeye akapanda.

Baada ya hapo chungwa likawa letu. Chini ya kiti, kando ya ndoo, kati ya madaftari mawili. Zamu yangu ilipofika aliniambia behind, nami nikabaki nimeduwaa. Hakunikaripia. Alinizunguka taratibu, akaniwekea chungwa viganjani, mikono yangu ikiwa mgongoni, akasema sentensi nzima polepole. Miaka imepita mingi, lakini neno lile kila nikilisikia hunijia ubaridi wa ganda la chungwa vidoleni.

At ilikuwa ngumu zaidi, maana haiingii kapuni. Kwa hiyo alitutoa nje, akatupanga mlangoni, mguu haujavuka kizingiti. Hapa, akasema, hatuko ndani wala hatujaenda zetu. Tulisimama pale mpaka kengele ikalia.

Huo ndio ufundi ninaousifu, na si mdogo. Kiswahili husema ndege yuko juu ya mti, na pia ndege inapita juu ya mti. Yule mwenye manyoya na ile yenye injini wote tumewapa juu ya. Kiingereza kinawatenganisha: wa kwanza yuko in, amezungukwa na majani; ya pili inapita over, haigusi hata tawi. Mtoto aliyekariri kwamba on ni juu ya atawaweka wote wawili pamoja, kisha atakatwa alama kwa kosa alilofundishwa. Mwalimu wangu aliliona kosa hilo kabla hatujalifanya. Alitupeleka chini ya mwembe, akatuonyesha shomoro, akangoja mpaka mmoja wao akaruka juu ya vichwa vyetu.

Siku hizi nasikia walimu wana watoto themanini, mia, katika chumba kimoja, na sithubutu kuwalaumu kwa yasiyo mikononi mwao. Lakini chungwa halijawa ghali kiasi hicho. Na linaloniuma zaidi ni kwamba hata ile ardhi ya kupandia inapotea. Sikiliza mazungumzo yetu wenyewe, redioni na majumbani: mezani kuna, kapuni kuna, mfukoni kuna. Pana na mna tunazitupa bila hata kugeuka nyuma, halafu tunashangaa mtoto haoni tofauti ya on na in.

Nilichukua chungwa jikoni, nikaliweka mezani mbele ya yule mtoto. "Mwanangu," nikamwambia, "niambie kwa Kiingereza, chungwa liko wapi?"

Hakulitazama chungwa. Aliinamia daftari, akaanza kushuka na kidole kwenye ile safu, mstari mmoja baada ya mwingine.