Heko kwa Kamati za Wadi

Kitui na Makueni, mvua ikikosa, malisho huwa ya kwanza kuzua ugomvi. Ndiyo maana kamati za wadi za mipango ya tabianchi zinastahili pongezi: huketi na wananchi kabla fedha hazijatumika. Makueni ilitunga kanuni za mfuko wake wa tabianchi mwaka 2015, ikiwa miongoni mwa kaunti tano za mwanzo pamoja na Kitui, Isiolo, Garissa na Wajir. Katiba ya Kenya ya 2010 iliagiza umma ushirikishwe. Kamati hizi zikalifikisha agizo hilo mashinani.

Mfugaji anajua ng'ombe hupita wapi kiangazi. Mama mteka maji anajua mto upi wa mchanga haukauki upesi. Maarifa hayo husaidia kuamua bwawa la mchanga lijengwe wapi, maana likiwekwa pasipofaa, mifugo hurundikana hapo na kumaliza nyasi zote za karibu. Wakamba wa Kitui na Makueni walizoea mwethya, kazi ya pamoja iliyochimba matuta milimani. Sasa wanapanga pamoja pia.

Mikutano hurefuka, kweli. Lakini mradi uliochaguliwa na wenyeji hupata walinzi wasiodai mshahara. Hongereni, wanakamati, kaunti nyingine zije zijifunze kwenu.