Sauti na Mwenye Sauti: Kuitazama Upya The Simpsons

Liko swali kongwe katika uhakiki wa fasihi: msomaji anahitaji kujua nini kuhusu mtunzi na utunzi wake ndipo aielewe kazi iliyo mbele yake? Wapo wanaoshikilia kwamba kazi ya sanaa hujitegemea, na kwamba habari za mtunzi ni za mwanahistoria wala si za mhakiki. Wapo pia wasiokubali kuitenga kazi na mkono ulioiunda. Makala haya yanakusudia kulipima swali hilo kwa kutumia tamthilia ya katuni ya Kimarekani iitwayo The Simpsons. Tumeichagua kwa sababu watazamaji wake huirudia mara nyingi, na kila wanapoirudia hupenda kusimuliana jinsi ilivyotengenezwa. Je, masimulizi hayo ya nyuma ya pazia ni porojo tu, au yana faida kwa mhakiki?

Tamthilia hii ilibuniwa na mchoraji Matt Groening. Ilianza mwaka 1987 kama vipande vifupi ndani ya kipindi cha Tracey Ullman, na tarehe 17 Desemba 1989 ikaanza kuonyeshwa kwa kujitegemea, kila kipindi kikichukua nusu saa. Hadi mwaka 2023 ilikuwa imekwisha kutimiza vipindi 750. Wahusika wakuu ni Homer, mfanyakazi wa kiwanda cha umeme wa nyuklia katika mji wa Springfield, mkewe Marge, na watoto wao Bart, Lisa na Maggie.

Habari ya kwanza anayoipata kila mpenzi wa tamthilia hii ni kwamba Groening aliwapa wahusika majina ya watu wa nyumbani kwake mwenyewe: baba yake, mama yake na dada zake wawili. Bart peke yake ndiye aliyebuniwa jina. Habari hii inapendeza kuisikia, lakini haibadilishi lolote tunaloliona. Homer wa katuni hawi mvivu zaidi wala mpole zaidi kwa kuwa palikuwa na Homer mwingine huko Oregon. Basi na tuiweke katika fungu la porojo, ambalo halina dhambi wala thawabu.

Fungu la pili ni la habari zinazotufumbua macho kuhusu fani. Homer ana mguno mashuhuri anaoutoa kila jambo linapomwendea mrama. Katika maandishi ya tamthilia mguno huo haukuandikwa kwa herufi zake. Waandishi waliweka maelezo tu kwamba hapo pana mguno wa kuudhika. Mwigizaji Dan Castellaneta ndiye aliyeujaza mwanya huo, akikumbuka mguno wa James Finlayson katika filamu za kale za Laurel na Hardy. Finlayson aliuvuta, Groening akataka ufupishwe ili ulingane na kasi ya katuni. Mwaka 2001 mguno huo ukaingizwa katika kamusi ya Kiingereza ya Oxford. Hapa habari ya nyuma ya pazia inatufunza jambo la msingi: neno lililokuja kujulikana kuliko yote katika tamthilia hii halikutoka katika kalamu ya mwandishi bali katika koo la mwigizaji. Mwanafunzi wa fasihi simulizi hatashangaa, kwani anajua jinsi tanakali za sauti zinavyomtegemea mtambaji.

Wakati mwingine habari ya namna hii huzua swali la maudhui. Katika kipindi cha "Marge vs. the Monorail" cha mwaka 1993, kilichoandikwa na Conan O'Brien, mji wa Springfield unapata dola milioni 3 za faini. Marge anataka zitengeneze barabara kuu iliyobomoka. Anatokea mlaghai mwenye ulimi mtamu, anauimbia mkutano wa hadhara wimbo, na wananchi wananunua treni ya reli moja ambayo hawaihitaji. Inasimuliwa kwamba mwigizaji George Takei, aliyepata kuwa mjumbe wa bodi ya usafiri wa umma, alikataa kushiriki kwa kuwa hakutaka kuukejeli usafiri huo. Nafasi ikachukuliwa na Leonard Nimoy. Mtu akikirudia kipindi akiwa na habari hii, hana budi kujiuliza kejeli inamlenga nani. Jibu letu ni kwamba hailengi treni. Inalenga mkutano ambao hoja ya mama mmoja inazimwa kwa wimbo, huku barabara ikibaki na mashimo yake.

Fungu la tatu ndilo zito. Katika utambaji wa ngano, hadhira humwona bibi kizee akiwa fisi, kisha akiwa sungura. Kuna mapatano ya wazi kati ya fanani na hadhira. Katika katuni mapatano hayo hayapo, kwa kuwa fanani amefichwa nyuma ya picha. Tangu mwaka 1990 mwenye duka wa Kihindi aitwaye Apu alipewa sauti na Hank Azaria, Mmarekani mweupe. Mwaka 2017 mchekeshaji Hari Kondabolu, mwana wa wahamiaji kutoka India, alitoa filamu iliyoonyesha jinsi lafudhi ile ilivyogeuka kuwa fimbo ya kuwachapia watu wa asili yake huko Marekani. Mwaka 2020 Azaria aliacha kumwigiza Apu, na mwaka huo huo watayarishaji wakatangaza kwamba waigizaji weupe hawatawapa tena sauti wahusika wasio weupe.

Atakayeshikilia kazi peke yake anaweza kumtetea Apu: ni mchapa kazi na ana shahada ya uzamifu katika sayansi ya kompyuta. Lakini kicheko hakitokani na shahada yake. Kinatokana na lafudhi. Atauliza tena: mbona Bart, mvulana, anaigizwa na mwanamke, Nancy Cartwright, na hapana aliyelalamika? Ni kwa sababu wavulana wa Marekani walikuwa na sura nyingine chungu nzima katika televisheni, hali watoto wa Kihindi walikuwa na chache mno. Ufiche wa sauti ni mmoja. Uzito wake haulingani. Tofauti hiyo haionekani katika picha. Huonekana tu kwa ajuaye sauti ni ya nani.

Hata hivyo tusiipe habari ya nyuma ya pazia cheo isichostahili. Katika "And Maggie Makes Three" ya mwaka 1995, Homer amerudi kwa unyonge katika kazi aliyoiacha, na mwajiri ametundika kibao cha kumkumbusha kwamba hatatoka pale maisha yake yote. Homer amebandika picha za mwanawe mchanga juu ya kibao, na herufi zilizosalia zinamwambia afanye kwa ajili ya mtoto huyo. Hapa msimulizi wa porojo hana la kuongeza.

Kipimo chetu basi ni hiki: habari ina thamani ikiturudisha kwenye kazi tukaone kilichokuwamo tangu awali. Kipimo hiki kinatuhusu sisi wenyewe. Vitabu vingi vya ngano zetu vimechapishwa bila jina la mtambaji, bila sauti yake, bila kicheko cha hadhira iliyomsikiliza. Wapenzi wa katuni wanajua ni nani aliyeguna mguno wa Homer. Sisi tuna ngano ambazo hatuwezi kumtaja aliyezitamba, na wanafunzi wanaokwenda vijijini kukusanya ngano wangali na nafasi ya kuziba pengo hilo kabla wenye sauti hawajanyamaza.