Sanduku tupu bado ni sanduku: mailx inakosea wapi

Nenda posta Bagamoyo, fungua sanduku lako, ukute halina barua hata moja. Si unafunga tu, unaondoka na ufunguo wako? Kesho namba ni ileile. Kwetu Tanzania barua kwa kawaida zinafika S.L.P., kwa hiyo unajua vizuri: sanduku kuwa tupu si sawa na kutokuwepo.

Sasa angalia mailx, programu ya kusomea barua pepe kwa kuandika amri, inayopatikana kwenye seva za Unix na Linux. Barua zako zinaingia kwenye faili moja lenye jina lako, mara nyingi ndani ya /var/mail. Ukishazisoma na kutoka, zinahamishiwa faili jingine, mbox. Na kile cha kwanza kikibaki kitupu? Kwa kiwango cha POSIX, usipoiambia vinginevyo, programu inakifuta.

Hapo ndipo tunapoilaumu. Kuna seva ambazo folda hiyo inaruhusu kila mtumiaji kuunda faili. Jina lako likiachwa wazi, mwingine anaweza kuunda faili kwa jina hilo, na barua yako ijayo ikadondokea mikononi mwake. Kinga ya folda inamzuia kufuta faili lako, lakini haimzuii kukalia nafasi iliyo wazi. Programu makini ya kufikisha barua itakagua mwenye faili na kugoma. Sawa, siri imepona, ila barua hujaipata!

Utasema kufuta ni usafi. Kweli, kwa mafaili ya pembeni uliyoyafungua mwenyewe, usafi una maana. Lakini sanduku kuu ni anwani yako. Mutt, programu ya kazi hiyohiyo, imelielewa hili: mpangilio wake wa save_empty huacha mafaili matupu yabaki, na hata ukiuzima, sanduku kuu haliguswi kamwe.

Dawa ya mailx ni mstari mmoja ndani ya ~/.mailrc:

set keep

Kisha soma barua zako zote, toka, uandike:

ls -l /var/mail/$USER

Ukiona faili lako lina baiti 0, hapo umefaulu. Faili tupu halikuli nafasi ya maana kwenye diski. Linakushikia jina tu, na jina ndilo ulilotaka lisichukuliwe.