Makali ya Nyumbani, Makali ya Shambani

Mavuno ya mpunga yanapopamba moto katika bonde la Kilombero, mundu ulionolewa alfajiri huwa unateleza juu ya mabua kabla ya adhuhuri. Wengi humlaumu mhunzi au mwenye duka, ilhali sehemu kubwa ya lawama ni ya mpunga wenyewe. Mmea huu hufyonza silika iliyoyeyuka katika maji ya shamba na kuihifadhi kwenye mabua, majani na maganda. Majivu ya pumba za mpunga huwa na silika kwa zaidi ya asilimia 80. Kwa hiyo kila shada linalokatwa linayasugua makali kidogo. Ongeza udongo unaoguswa bua linapokatwa chini, kisha unyevu wa usiku unaoleta kutu, ambayo hudhuru zaidi pale chuma kilipo chembamba kuliko pote, yaani kwenye makali.

Katika bonde hilo, kata ya Katindiuka imo katika Halmashauri ya Mji wa Ifakara. Wakazi wengi wa mji huu wana nyumba mjini na shamba mbali, kwenye tambarare ya mto Kilombero. Msimu ukikolea, familia huhamia huko kwa wiki kadhaa na kulala kwenye madungu. Kisu, mundu na panga huhama nao. Kunoa nako kunapaswa kugawanywa hivyo hivyo: nyumbani unatengeneza umbo la makali, shambani unayarudisha tu. Vyuma vingi vizuri huisha mapema kwa sababu kazi ya kwanza hufanywa shambani, kwa tupa na kwa haraka.

Tuanze na umbo. Makali ni pale nyuso mbili za chuma zinapokutana, na kunoa ni kupunguza nyuso hizo hadi zikutane tena. Pembe ndiyo inayoamua kisu kitafanya nini. Kisu cha kuchunia na kupasulia samaki hutaka kama digrii 15 hadi 20 kila upande. Panga la kufyekea vichaka hutaka 25 hadi 30, maana makali membamba yakigonga kisiki hujikunja au kumeguka.

Pembe hiyo hupatikana bila kifaa cha kupimia. Weka makali juu ya jiwe, kisha inua mgongo wa kisu kwa theluthi moja ya upana wa bapa: umepata karibu digrii 20. Ukiinua kwa nusu ya upana, umepata 30. Kisu chenye upana wa milimita 30 kinainuliwa milimita 10, sawa na unene wa betri nyembamba ya rimoti. Ukishaipata pembe, ishike hiyo hiyo kutoka shina la bapa hadi ncha. Mkono unaopanda na kushuka huyafanya makali kuwa ya mviringo.

Sugua upande mmoja tu hadi kikunjo kitokee upande wa pili. Kikunjo ni uzi mwembamba wa chuma, unaohisiwa kidole kinapopitishwa kutoka mgongoni kwenda nje, kamwe si kwa kufuata urefu wa makali. Kikienea kutoka shina hadi ncha, geuza kisu ufanye vivyo hivyo. Hapa ndipo wengi wanapopotea: wanahesabu mara walizosugua badala ya kupapasa kilichotokea. Mteremko, yaani uso unaosuguliwa, unaweza kung'aa vizuri huku nyuso mbili hazijakutana, na kisu kikabaki butu vilevile. Kikunjo kikishapatikana pande zote mbili, hamia jiwe laini zaidi, punguza nguvu, na sugua kwa kupokezana, mara moja huku, mara moja kule, hadi kiishe. Malizia kwa kuvuta kisu juu ya mkanda wa ngozi, mgongo ukitangulia.

Asiye na jiwe zuri anunue msasa wa maji, namba 320, 600 na 1000, aubandike juu ya ubao ulionyooka. Juu ya msasa kisu huvutwa mgongo ukitangulia, la sivyo makali yatachana karatasi. Mawe ya kuokota mtoni yachaguliwe kwa uangalifu. Milima ya Udzungwa, yanakotoka mawe mengi ya mitoni hapa, ni ya miamba ya kale iliyobadilishwa kwa joto na mgandamizo, na vipande vyake mara nyingi vina chembe kubwa na ndogo zilizochanganyika. Chembe moja kubwa inatosha kuharibu makali yaliyokwisha kulainishwa.

Sasa shambani. Tupa ni mwafaka kwa panga kwa sababu ya tofauti ya ugumu. Katika kipimo cha Rockwell, tupa nzuri hupita 60, huku mapanga mengi yakiwa kati ya 45 na 55. Tupa isukumwe mbele tu, kwa kuwa meno yake yanakata kuelekea upande mmoja; kuirudisha huku umeikandamiza kunayaua meno hayo. Iwe na mpini pia, maana mkia wake mtupu huchoma kiganja.

Kisu cha thamani ni habari nyingine. Visu vya Mora vya Uswidi vya chuma cha kaboni hukaribia 60, na tupa juu yake huteleza au hukwaruza ovyo. Kisu cha aina hiyo huwa na mteremko mmoja mpana pande zote mbili, usio na mteremko mdogo wa pili kwenye makali, kwa hiyo hakuna haja ya kupima kimo: laza mteremko wote juu ya jiwe nao wenyewe utakupa pembe. Ukiwa na shaka kuhusu chuma chako, gusisha tupa kidogo karibu na mpini. Ikiteleza bila kuuma, kisu hicho ni cha jiwe.

Kuna njia ya tatu, ya fundi wa mtaani mwenye cherehe. Cherehe ya kukanyaga kwa mguu huzunguka polepole, na hatari yake ni ndogo. Mashine ya umeme ndiyo ya kuangaliwa. Chuma cha kaboni kikifika kama digrii 220 za Selsiasi hugeuka njano, na karibu na 300 hugeuka bluu. Bluu ikionekana kwenye makali, ugumu umepungua pale, na kunoa tena hakuurudishi hadi sehemu yote iliyoungua iondolewe. Mwambie fundi achovye bapa kwenye maji kila baada ya mpito mmoja.

Kwa hiyo mzigo wa kwenda dunguni ni mdogo: tupa yenye mpini kwa panga, kijiwe laini kwa kisu na mundu usio na meno, kitambaa, na mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia yakikauka hunata. Kisu kisilale ndani ya ala ya ngozi, kwa sababu ngozi hutunza unyevu. Makali yakififia, yasugue mara chache kila upande kwa pembe ile ile ya nyumbani. Yasiporudi, umbo limeisha: beba chombo kingine, na hicho kirudi Katindiuka kusubiri jiwe.