Wasifu wa Bibi: Karatasi Moja, Dakika Tano

Msiba wa mama mtu mzima Buswelu, Mwanza, una utaratibu ambao kila mtu anaujua. Turubai limefungwa, wajukuu wamevaa sare ya kitenge, kwaya imeimba, na kabla ya kuaga mwili mshereheshaji anamwita mwanafamilia asome wasifu wa marehemu. Msomaji anakuja na karatasi moja. Baada ya dakika tano amemaliza, na majirani waliolima na marehemu miaka arobaini wanabaki wakijiuliza huyo aliyesomwa alikuwa nani.

Kosa si la msomaji. Karatasi yenyewe imejengwa kwa ajili ya mtu mwingine. Ukiichunguza utakuta vipengele vyake ni vile vya barua ya kuomba kazi: kuzaliwa, elimu, ajira, vyeo, ndoa, watoto, kisha ugonjwa na kifo. Kwa mwalimu mstaafu au karani wa bandari inafaa kabisa. Kwa bibi ambaye hakwenda shule wala kuajiriwa, vipengele vitatu vinafutika hapo hapo, na kazi ya miaka sitini inaingia katika maneno mawili: "alikuwa mkulima". Nafasi inayobaki hujazwa na ugonjwa. Alianza kuumwa lini, akapelekwa hospitali ya Sekou Toure, akahamishiwa ya Bugando, vipimo vikaonyesha nini. Mwezi wa mwisho unapata aya mbili, na maisha yote yaliyotangulia yanapata nusu aya.

Ukanda wa Ziwa Victoria umewahi kutoa mifano ya kumsimulia bibi kwa namna nyingine, na inafaa kuipima kama fundi anavyopima kazi ya fundi mwenzake.

Mfano wa kwanza unatoka Kogelo, kaunti ya Siaya, upande wa Kenya. Mama Sarah Obama alifariki Kisumu tarehe 29 Machi 2021 akiwa na miaka 99, akazikwa kesho yake kwa taratibu za Kiislamu. Alikuwa mke wa tatu wa Hussein Onyango Obama na ndiye aliyemlea baba yake Barack Obama. Bibi huyu alikuwa ameshaandikwa miaka 26 kabla ya kifo chake, katika kitabu cha mjukuu wake, Dreams from My Father, cha 1995. Sura ya mwisho ya safari ya Kenya ameachiwa yeye. Anazungumza Kijaluo, Auma, dada yake mwandishi, anatafsiri, na mwandishi ananyamaza. Anaanzia kwa mababu, jina baada ya jina, kisha anashuka hadi kwa mumewe na mwanawe.

Kuna mambo mawili yaliyofanywa vizuri hapo. Bibi hakufupishwa: mpangilio wa hadithi ni wake, pamoja na mahali anapochelewa na mahali anaporuka. Tena simulizi imeshikizwa kwenye kitu kinachoshikika, kitabu kidogo cha utumishi cha mzee Onyango, chenye maoni ya waajiri wake wa Kizungu, wengine wakimsifu na mmoja akimwona hastahili hata mshahara wake. Kumbukumbu ya mdomo na karatasi ya serikali ziliwekwa pamoja, na kila moja ikaitia nguvu nyingine.

Lakini sura hiyo ina pengo, na ni pengo lile lile la Buswelu. Bibi anazungumza kurasa nyingi, na karibu zote ni za wanaume. Tunajua mumewe alivaa nini aliporudi kutoka mjini na alikuwa mkali kiasi gani mezani. Siku ya bibi mwenyewe, toka alfajiri hadi kuzima taa, hatuipati sawasawa. Amegeuzwa ghala la habari za wengine. Wasifu mwingi wa akina mama unaosomwa misibani unaishia hapo hapo: mke wa fulani, mama wa fulani, bibi wa fulani.

Aliyekwepa mtego huu alikuwa Mkerewe. Aniceti Kitereza alimaliza mswada wake kwa Kikerewe mwaka 1945, baadaye akauweka mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikauchapisha mwaka 1980 kwa jina Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Ni riwaya, Bugonoka hakuzikwa popote. Hata hivyo hakuna mama wa pande hizi aliyeandikwa kwa ukamilifu kama yeye. Tunamkuta akiwa hajapata mtoto, akidhihakiwa na ndugu wa mume, wazazi wake wakimrudisha kwao, na mume akilazimika kwenda ukweni kuomba radhi na kutozwa pombe ya ndizi. Baadaye yanakuja matibabu, mimba, kulea. Kitereza hatuambii kwamba Bugonoka alikuwa mkarimu. Anatuonyesha mgeni amefika, nani ametoa kigoda, nini kimepikwa na kwa hatua zipi. Wapo wasomaji wanaochoshwa na hatua hizo. Kwa mwandishi wa wasifu, hatua hizo ndizo somo.

Sasa turudi kwenye karatasi ya Buswelu. Kikwazo cha kwanza huwa tarehe, kwa sababu bibi wengi wana mwaka uliokadiriwa na karani wa daftari la wapigakura. Hapa matukio husaidia kuliko vyeti. Akisema mama yake alimbeba mgongoni kwenda kuona treni ilipofika Mwanza, hapo ni 1928. Akisema aliolewa mwaka wa mvua kubwa, ziwa lilipopanda na kumeza mashamba ya ufukweni, hiyo ni miaka ya mwanzo ya Uhuru, kuanzia mwishoni mwa 1961. Nyumba ilibomolewa wakati wa Operesheni Vijiji? Kwa Usukumani tafuta 1974. Mtoto gani alikuwa anatambaa vijana walipokwenda vita ya Kagera, na nani alikuwa darasa la ngapi MV Bukoba ilipozama, 21 Mei 1996? Majina nayo ni ushahidi: Kabula na Mabula walikuja na mvua, Shija alifuata mapacha.

Kikwazo cha pili ni neno "mkulima". Neno hili lifunguliwe. Alilima pamba ekari ngapi, alipalilia na nani, mzigo ulipimwa kwenye mizani ya chama gani, na fedha alipokea nani? Miaka ya 1950 pamba ya Kanda ya Ziwa ilijenga muungano wa ushirika wa Victoria Federation chini ya Paul Bomani, ukawa miongoni mwa vyama vikubwa vya Waafrika barani. Jina kwenye kitabu cha chama mara nyingi lilikuwa la mume. Mgongo ulioinama shambani ulikuwa wa mama, na wasifu ndipo mahali pa kuliandika hilo kwa idadi ya magunia.

Swali linalosahaulika kuliko yote ni la ngoma. Katika vyama vya ngoma vya Kisukuma, alikuwa upande wa Bagika au Bagalu? Alicheza wapi, nani alikuwa manju? Familia za kanisani huona aibu kuuliza, aibu isiyo na msingi: makumbusho ya Bujora, hapo Kisesa karibu na Buswelu, yaliasisiwa na padri, na ngoma za tamasha la Bulabo huchezwa hapo hapo.

Ugonjwa upewe sentensi moja. Idadi ya vitukuu, moja. Usemi wake aliozoea uachwe kwa Kisukuma kama alivyousema, na asomaye awe anayeweza kuutamka. Na maswali haya yasisubiri usiku wa msiba, wakati wajuzi wote wanalia na fundi wa kompyuta wa steshenari anataka kufunga. Mwenye bibi aliye hai ampigie simu Jumapili hii, aanze na ziwa lilipopanda, kisha amwache aseme.