Mkono Unaoshusha Taa

Mzee yule hakuwa akiziangalia taa, na hilo ndilo lililonishangaza kwanza. Alikaa nyuma ya ukumbi mdogo katika mji mmoja wa kaskazini mwa Uingereza, mbele yake ubao wenye safu ya vipini vilivyong'arishwa na viganja vya miaka mingi, na macho yake yote yalikuwa kwa mwanamke aliyebaki peke yake jukwaani. Mwanamke akatua kikombe cha chai. Mzee akaweka kiganja juu ya kipini kimoja, akakishusha taratibu mno, kama mtu anayemfunika shuka mtoto aliyelala.

Mchezo ulikuwa Gas Light, uliotungwa na Patrick Hamilton na kuoneshwa kwa mara ya kwanza huko Richmond, jirani na London, Desemba 1938. Kisa chenyewe ni cha mwaka 1880, zama za Malkia Victoria. Bella Manningham ana mume anayemtia hofu kwamba anarukwa na akili. Kila jioni mume hutoka, na kila jioni Bella huona mwanga wa sebuleni ukififia, kisha husikia vishindo ghorofa ya juu ambako hakuna mtu. Mpelelezi mstaafu aitwaye Rough ndiye anayelifumbua fumbo: katika nyumba hiyohiyo, miaka mingi nyuma, bibi mmoja aliuawa kwa ajili ya vito vyake, na muuaji amerudi kuvitafuta. Akiwasha gesi huko juu, taa ya chini hupungukiwa nguvu, ikanywea. Akiizima ili ashuke, ya chini hupanda tena. Shahidi wa mauaji ni moto.

Ndiyo maana mchezo huu wote umo mikononi mwa mtu asiyeonekana. Taa ikishuka ghafla, watazamaji huambiwa tu kwamba imeshuka, wakaketi kuwa mashahidi wa mateso ya mtu mwingine. Ikishuka kama alivyoishusha mzee yule, jicho halitambui. Mwili ndio hutangulia. Jioni ile nilijikuta ninafikicha macho, nikidhani ni uchovu wa safari. Jirani yangu alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati. Bella alipoinua uso kuitazama taa, ukumbi mzima ulishusha pumzi, kwa sababu kila mmoja wetu, kwa nusu dakika, alikuwa ameyatilia shaka macho yake mwenyewe. Mwandishi ameiandika hofu ile katika mazungumzo, lakini aliyeitia vifuani mwetu ni mzee wa vipini.

Nilipotoka nje kwenye baridi, aliyenijia akilini alikuwa bibi yangu. Alikuwa na chemli moja ambayo kioo chake kilipasuka pembeni, na usiku, baada ya paukwa na pakawa, aliiweka sakafuni kati yetu na yeye. Alipofika pale msichana anapokaribia pango la zimwi, kidole chake kiliteleza hadi kwenye kile kigurudumu cha utambi. Hatukukiona kidole. Tuliona kuta zimetusogelea, na kivuli cha Bibi kimefika darini. Mdogo wangu alikuwa akinishika mkono bila kujua kwa nini ameanza kuogopa. Kisha utambi ulipanda kidogo, upana wa uzi tu, nasi tukajua msichana ameokoka kabla Bibi hajafungua kinywa. Hakuwahi kusoma kitabu cha jukwaa hata kimoja, na London hakuijua. Ila aliujua ufundi uleule: hadithi ya kutisha haianzi masikioni.

Wazee wa jukwaa la Uingereza waliulea ufundi huo kwa heshima kubwa. Ukumbi wa Savoy wa London uliingiziwa umeme mwaka 1881, lakini Henry Irving, bwana wa ukumbi wa Lyceum, alikuwa mpenzi wa gesi, na alipenda watazamaji wake wakae gizani ili jukwaa ling'ae kama ndoto. Ellen Terry, mwigizaji mwenzake, aliusikitikia ule mwanga laini wa gesi katika kumbukumbu zake za mwaka 1908. Na sisi tuliomjua mpelelezi mwenye kiko kupitia Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, kabla hatujamsoma Sherlock Holmes, tuna sababu ya kumkumbuka William Gillette, Mmarekani aliyemtia Holmes jukwaani New York mwaka 1899. Katika onesho lake mashuhuri Holmes amezingirwa na wahalifu. Anaivunja taa, ukumbi unakuwa giza totoro, na kinachoonekana ni ncha nyekundu ya biri yake. Maadui wanaikimbilia ncha hiyo. Taa inapoletwa, biri imekaa peke yake dirishani, na Holmes yuko mlangoni upande wa pili, anatoka. Fikiri giza lile lilivyohitaji kuaminiwa! Mwanga mmoja tu uliopenya mahali pasipostahili ungeliua.

Miaka kadhaa baadaye nilirudi katika mji ule, nikakuta tangazo la mchezo uleule. Nilinunua tiketi nikiwa na furaha ya mtu anayerudi nyumbani. Viti vilikuwa vipya, na ukutani, pale palipokuwa na ubao wa vipini, palibaki matundu ya skurubu na mraba wa rangi iliyokuwa mpya kuliko ya pembeni. Kijana mmoja alikaa mbele ya kompyuta, simu yake ikimulika kidevu. Sikumwona mtoto mbaya. Hakuna aliyemkalisha kando ya yule mzee hata wiki moja akaangalia.

Bella alitua kikombe mapema kidogo kuliko jana yake, labda, au alichelewa. Kompyuta haikuwa na habari. Taa ilishuka mara moja, nyuma yangu mtu akamnong'oneza mwenzake, "Hiyo imeshuka," kwa sauti ya anayesoma kibao cha barabarani. Mwigizaji aliinua uso, akaigiza vizuri, akatetemeka. Alitetemeka peke yake. Safu mbili mbele yangu mwanga wa simu uliwaka, ukazimwa, ukawaka tena.

Hapo ndipo nilipomwona mzee, ameketi ukingoni mwa safu, koti limefungwa vifungo vyote. Jukwaa lilikwisha kuwa hafifu kitambo. Macho yake yalikuwa kwa yule mwanamke, na kiganja chake cha kulia, juu ya goti, kilikuwa kingali kinashuka.